Ndoa za Ng'ambo ya Mto

Hapa Bugomora, Mto Kagera haukuwahi kuzuia posa. Kwa vizazi vingi vijana wetu wameoa ng'ambo, Uganda na Rwanda. Mahari ililipwa, watoto wakazaliwa, na wengi walidhani hayo yatosha.

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki 2 waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Wapo wake walioondolewa, waume na watoto wakabaki.

Ndugu msomaji, mlango wa sheria ulikuwapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaitambua ndoa ya mila, na yataka iandikishwe. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia, wakati mumewe yu hai. Mume mgeni hakupewa haki kama hiyo.

Ukoo hushuhudia ndoa kwa macho. Dola huishuhudia kwa karatasi. Wazazi wenzangu, mkwe akishapokelewa nyumbani, ndoa iandikishwe na ombi lipelekwe. Msingoje operesheni, wala msiba.