Mnara wa Nyambizi na Kifo cha Fred Scamaroni

Katika mji wa Bastia, kisiwani Corsica nchini Ufaransa, upo uwanja mpana unaoelekea bahari, uitwao Saint-Nicolas. Hapo umesimamishwa mnara wa chuma kwa kumbukumbu ya Casabianca, nyambizi ya Wafaransa iliyosafiri kwa siri wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mnamo Novemba 1942 majeshi ya Italia yalikikalia kisiwa hicho, askari wapatao 80,000. Tarehe 27 ya mwezi huo Wajerumani waliingia bandari ya Toulon, nao mabaharia wa Kifaransa wakazizamisha meli zao wenyewe, zaidi ya 70, zisitekwe. Kamanda Jean L'Herminier hakukizamisha chombo chake. Aliponyoka nacho hadi Algiers, na kutoka pwani hiyo ya Afrika ndiko safari za siri zilikoanzia.

Usiku wa 14 Desemba 1942 Casabianca iliibuka karibu na ghuba ya Chioni, na watu wachache wakapelekwa ufukoni kwa mtumbwi mdogo. Safari nyingine zilifuata. Julai 1943, katika ufuko wa Saleccia, zilishushwa silaha zipatazo tani 13. Silaha hazina miguu. Ilibidi wenyeji wazipokee, wazibebe gizani, wazifiche, kisha wanyamaze. Chuma cha Bastia chatuonyesha chombo, bali ukimya ule hauna umbo la kuchongwa.

Na ukimya huo ulikuwa na bei. Pierre Griffi, fundi wa redio aliyeshuka katika safari ile ya kwanza, alikamatwa Juni 1943, akapigwa risasi mjini Bastia tarehe 18 Agosti. Mji huo ulikombolewa tarehe 4 Oktoba, siku 47 tu baadaye.

Anayetusumbua zaidi ni Fred Scamaroni. Huyu aliletwa na nyambizi ya Waingereza Januari 1943, akiwa na kazi ya kuunganisha vikundi vya wapiganaji. Mwezi Machi mmoja wa wenzake alikamatwa na kushindwa na mateso, naye Scamaroni akatiwa mbaroni na kuteswa. Majina yote aliyajua yeye. Tarehe 19 Machi 1943, katika ngome ya Ajaccio, alijiua ili asiseme. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Tutasema nini juu yake? Wako watakaomwita shujaa bila kusita, na wako watakaotukumbusha kwamba uhai si mali yetu. Hao wa pili wanasema kweli, wala hatuna ruhusa ya kuipunguza kweli hiyo kwa sababu habari inatugusa moyo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282, inataja waziwazi hofu kubwa ya mateso miongoni mwa mambo yawezayo kupunguza wajibu wa mtu wa namna hii. Na namba inayofuata yatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake. Sisi tulio salama majumbani mwetu, ambao hatujawahi kushikilia kinywani uhai wa wenzetu, twafanya vema kuisoma polepole.

Tarehe 19 Machi, kumbe, ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa kifo chema. Siku hiyo tutakapowaombea marehemu wetu, tulitaje na jina la Fred.