Mgongo Uliokaza: Kutoka Chuku hadi Sindano

Babu yangu aliishi Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, tangu mji ukiitwa Usumbura. Mgongo ulipomkaza aliitiwa mtu wa kumuumika: chale kwa wembe, chuku, yaani pembe ya ng'ombe, juu yake, hewa ikafyonzwa kwa mdomo na tundu kuzibwa kwa nta. Usiku huo alilala. Hata hivyo uzeeni aliinama kabisa, shingo haigeuki. Ukimwita kutoka nyuma aligeuza mwili mzima.

Mgongo wake nimeurithi. Alfajiri hauinuki, nikitembea unalegea. Mgongo wa mchukuzi wa sokoni, kinyume chake, hutulia akipumzika. Kwetu kuna utata mwingine: kifua kikuu nacho hula uti wa mgongo, na mgongo uliopinda hudhaniwa kwanza kuwa ni hicho.

Ugonjwa wangu na wa babu, uvimbe wa uti wa mgongo unaoziunganisha pingili, ni wa kale. Katika miaka ya 1690 Bernard Connor, daktari kutoka Ireland, alieleza mifupa iliyopatikana Ufaransa ambayo pingili na mbavu zake zilikuwa zimeungana. Karne ya 20 Wazungu waliutibu kwa miale ya eksirei. Maumivu yalipungua kweli, lakini mwaka 1957 Court Brown na Doll walionyesha, huko Uingereza, kwamba waliopigwa miale hiyo walipatwa na saratani ya damu zaidi. Nafuu ilikuwepo, kama ile ya babu. Mwaka 1973 watafiti wa London na Los Angeles waliuhusisha ugonjwa huu na kirithi cha HLA-B27, ambacho kwa Waafrika weusi ni nadra sana. Kwa hiyo kipimo kisipokiona, Mrundi asiambiwe kuwa ni mzima.

Sindano za kuzuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe, zilipofika, Marekani ikiidhinisha etanercept kwa ugonjwa huu mwaka 2003, wengi walipata nafuu. Zina masharti yake: kifua kikuu kilicholala huweza kuamka, kwa hiyo hupimwa kwanza, nazo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, jambo gumu katika mji ambao umeme hukatika.

Mimi nilianzishiwa Nairobi. Zilinisaidia, kisha asubuhi zikaanza kuwa nzito tena, na jamaa wakasema nirudi kwenye chuku. Sikukubali: dawa hizi hupunguza kinga, na kila chale ni njia ya vijidudu. Daktari aliniuliza maswali ambayo natamani babu angeulizwa na mtu. Je, dawa ilipata joto njiani? Mwili umetengeneza kingamwili dhidi yake? Maumivu haya ni ya uvimbe unaoendelea, au ni ya pingili zilizokwisha kuungana, ambazo hakuna sindano ya kuzitenganisha?

Picha ya MRI ilionyesha uvimbe bado unawaka. Hakuniongezea dozi, alinihamishia secukinumab, inayozuia IL-17, njia nyingine kabisa ya uvimbe, na akaniagiza nisiache mazoezi ya kunyoosha kifua na shingo kila siku, dawa ikifanya kazi au isipofanya.