Degedege: Si kila mtoto anayehitaji kupimwa mawimbi ya ubongo

MTOTO wa mwaka mmoja na nusu amelala na homa. Ghafla macho yanageuka juu, meno yanaumana, mikono na miguu inatikisika. Dakika mbili baadaye mwili umetulia na mtoto analia akimtafuta mamake. Hofu ya wazazi haitulii upesi hivyo. Swali la kwanza wanalofika nalo hospitalini ni iwapo hicho ni kifafa. La pili, hasa mijini, ni kwa nini daktari hamwagizii mtoto kipimo cha ubongo.

Kipimo wanachokitaja ni elektroensefalogramu, au EEG kwa ufupi. Visahani vidogo vya madini vyenye nyaya hubandikwa kichwani, na mashine hunakili kwa mistari ya mawimbi umeme hafifu unaozalishwa na seli za ubongo. Hakuna umeme unaoingizwa kichwani, wala hakuna maumivu. Hans Berger, daktari Mjerumani, ndiye aliyenasa mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Jena mnamo 1924, akachapisha matokeo yake 1929.

Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, joto la mwili linapofika nyuzi 38 au zaidi, pasipo maambukizi ndani ya ubongo. Nchini Marekani na Ulaya hutokea kwa watoto 2 hadi 5 katika kila 100. Madaktari hulitenga mara mbili. Degedege sahili hutikisa mwili mzima, huisha kabla ya dakika 15 na halirudi katika muda wa saa 24. Degedege changamano huanzia upande mmoja wa mwili, hurefuka kupita dakika hizo, au hurudi siku iyo hiyo.

Kwa mtoto mwenye degedege sahili ambaye amepata fahamu na hana kasoro nyingine ya ubongo, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka wa 1996, kikaurudia 2011, kwamba EEG isifanywe. Baadhi ya wazazi hudhani huko ni kubana matumizi. Sivyo. Mawimbi ya ubongo yanaweza kwenda polepole kwa siku kadhaa baada ya degedege, kisha yakarejea yalivyokuwa. Isitoshe, wapo watoto wazima kabisa, wasiowahi kutikisika maishani, ambao mistari yao huonyesha miruko inayofanana na ya kifafa. Kipimo hicho hakibashiri iwapo degedege litarudi, wala iwapo mtoto atakuja kuugua kifafa.

Hasara yake ni kubwa kuliko fedha zinazolipwa. Mtoto huweza kuanzishiwa dawa za kila siku zinazomlemaza kwa usingizi, na jina la kifafa likamfuata hadi shuleni. Hata sisi wa magazeti tuna lawama, kwa kuandika kifafa na degedege kana kwamba ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba karibu thuluthi moja ya watoto hupata degedege tena, lakini baada ya degedege sahili ni mmoja au wawili tu kati ya 100 wanaokuja kuwa na kifafa.

Kwa degedege changamano, hali ni tofauti. Utafiti wa Marekani kuhusu watoto waliotikisika kwa nusu saa au zaidi, uliochapishwa 2012, ulionyesha kuwa karibu asilimia 45 walikuwa na mawimbi yasiyo ya kawaida walipopimwa ndani ya saa 72. Mtoto wa aina hiyo, au aliyechelewa kukua kiakili, au anayetikisika hata bila homa, anastahili kuonwa na mtaalamu, na huenda kipimo kikafaa.

Katika maeneo yetu yenye malaria kuna jambo zito zaidi. Pwani, tangu Bagamoyo hadi kwetu, wako walioamini kuwa degedege huletwa na pepo mwenye umbo la ndege, na mtoto akafukizwa moshi wa kinyesi cha ndovu huku malaria ikimmaliza. Mtoto asiyezinduka baada ya kutikisika hana degedege la kawaida. Anaweza kuwa na malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, na vipimo vya kwanza ni vya damu, sukari na, ikibidi, maji ya uti wa mgongo.

Ni hapo EEG huonyesha thamani yake. Katika miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi waliwapima watoto waliozimia kwa malaria ya ubongo. Baadhi yao walikuwa wakiendelea kupata mishtuko ya ubongo ilhali mwili umetulia, dalili ikiwa macho yaliyokwenda upande, mate au pumzi zisizo sawa. Hata hivyo, kuizuia mishtuko hiyo si rahisi. Katika jaribio la Kilifi lililochapishwa 2000, watoto 340 waligawanywa mafungu mawili. Fenobarbitali ilipunguza mishtuko, lakini waliofariki katika fungu lililopewa dawa hiyo walikuwa 30, dhidi ya 14 katika fungu lingine.

Nyumbani, mtoto akianza kutikisika, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole kinywani, na utazame saa. Zikipita dakika 5, mkimbize hospitalini. Zisipofika, mpeleke vilevile siku hiyo hiyo ili chanzo cha homa kitafutwe, na umweleze daktari mtikisiko ulianzia upande gani na ulichukua muda gani. Maelezo hayo ndiyo humwezesha kuamua iwapo mawimbi ya ubongo yapimwe.