Kuchagua bloki ya injini ya Peugeot 504
Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, lina bloki ya chuma ambayo laina zake za silinda hutolewa na kubadilishwa. Kwa hivyo, anayelikarabati asiikatae bloki kuukuu kwa sababu tu silinda zimechakaa. Akague kwanza mahali laina zinapokalia: pakiwa pameliwa na kutu, maji yatavujia kwenye oili na kuiangamiza injini nzima. Aidha, ahakikishe kwamba bloki haina ufa wala uso wake wa juu haujapinda. Injini ya ujazo wa sentimita 1,796 hutumia pistoni za kipenyo cha milimita 84; ile ya 1,971, milimita 88. Hatimaye, nambari mpya ya injini isajiliwe, gari lisije likashukiwa kuwa la wizi.