Kuziba pengo la jino: kipandikizi kinamfaa nani, na mtoto asubiri hadi lini?

Ukisikia neno kipandikizi, huenda ukafikiria kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kipandikizi cha jino ni kitu kingine kabisa. Ni skrubu ndogo, kwa kawaida ya madini ya titaniamu, ambayo daktari wa meno huiweka ndani ya mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi wa jino. Juu yake hufungwa jino bandia ambalo halitolewi usiku.

Kinachokishikilia ni mfupa wenyewe, kwa sababu hukua na kushikamana na titaniamu. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliliona jambo hilo miaka ya 1950, na mwaka 1965 mgonjwa wa kwanza akawekewa meno kwa njia hiyo. Mfupa hauharakishwi. Mara nyingi huchukua miezi 3 hadi 6 kabla ya jino la kudumu kufungwa, ingawa wakati mwingine daktari huweka jino la muda mapema.

Mtoto wangu ana pengo mbele. Awekewe?

Kwa kawaida hapana, si sasa. Jino la asili husogea pamoja na taya mtoto anapokua. Kipandikizi hakisogei, kimeng'ang'ania mfupa. Ukimwekea mtoto wa miaka 11, meno ya jirani yataendelea kushuka na lake litabaki nyuma, likionekana fupi kana kwamba limezama kwenye fizi, na kulirekebisha ni kazi ngumu. Ndiyo maana madaktari husubiri taya imalize kukua. Kwa wasichana mara nyingi si kabla ya miaka 17 au 18, na wavulana huchelewa zaidi, wengine hadi miaka 20 na kitu. Watoto waliozaliwa bila meno mengi hufikiriwa kipekee na daktari bingwa.

Kusubiri si kukaa na pengo. Ukiliacha wazi, meno ya pembeni hulalia humo na baadaye nafasi ya kipandikizi hukosekana. Muulize daktari kuhusu meno bandia ya kuvaa na kuvua, au jino la kugandishwa kwenye meno ya jirani. Ya kuvua yatahitaji kubadilishwa mtoto anavyokua, na asilale nayo bila ushauri wa daktari. Usilipuuze hili kwa kudhani ni urembo tu. Mtoto anayechekwa darasani hufunika mdomo na kuacha kusoma kwa sauti.

Jino likidondoka leo

Kabla ya kufikiria kipandikizi, jaribu kuliokoa jino lenyewe. Kama ni jino la kudumu (ya mbele huanza kuota kati ya miaka 6 na 8), lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu lisuuze kidogo bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake likitazama upande sahihi, kisha mtoto aume kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa baridi, si kwenye maji. Nenda kwa daktari wa meno mara moja. Saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Jino la utotoni usilirudishe, maana unaweza kuumiza la kudumu lililo chini yake. Mtoto aliyezimia, anayetapika au anayevuja damu bila kukoma apelekwe hospitali kwanza.

Kuna mapengo mengine tunayasababisha wenyewe. Mtoto mchanga anapoharisha au kupata homa, baadhi ya watu hudai ana "meno ya plastiki" na kuyachokonoa kwenye fizi. Kinachotolewa ni jino lake changa, na la kudumu linaweza kuharibika pamoja nalo. Watoto wamefariki kwa damu na maambukizi. Mwenye kuharisha anahitaji kunyonya, maji ya chumvichumvi ya ORS, zinki na kituo cha afya.

Na wewe mama?

Si kweli kwamba kila mimba hula jino moja. Mtoto hachukui kalisi kwenye meno yako. Yanayoharibu ni kutoboka na ugonjwa wa fizi, ambao hukolea wakati wa ujauzito. Kipandikizi kinaweza kungoja hadi ujifungue. Jino linalouma au fizi iliyovimba visingoje, vitibiwe ukiwa mjamzito.

Siku ukienda, mweleze daktari kama una kisukari, unavuta sigara, au umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa. Sukari isiyodhibitiwa na tumbaku huongeza uwezekano wa kipandikizi kushindwa kushika. Uliza bei ya kazi nzima kwa pamoja, yaani picha za eksirei, skrubu, jino la juu, na kuongezewa mfupa iwapo utahitajika, kwa sababu watu wengi hutajiwa bei ya skrubu peke yake. Daraja na meno ya kuvua ni njia halali pia, na mara nyingi nafuu zaidi.

Kipandikizi hakitoboki kama jino, lakini fizi na mfupa unaokizunguka huugua. Kipigwe mswaki mara mbili kwa siku na kisafishwe pembeni kwa uzi wa meno. Fizi ikitoa damu au usaha, au jino likianza kucheza, rudi kwa daktari hata kama huna maumivu.