Honi ya Mbao: Sauti Kubwa kwa Umeme Kidogo

Spika ya honi haitengenezi nguvu mpya. Huokoa ile ambayo ingepotea. Utando wa spika ya kawaida ukitikisika, hewa huukwepa, na katika umeme wote unaoingia ni asilimia 1 au 2 tu inayogeuka sauti. Ukiwekewa pembe yenye koo jembamba linalopanuka polepole hadi mdomo mpana, hewa husukumwa barabara, na kiwango hicho hupanda hadi asilimia 10 na zaidi.

Kanuni hiyo ni kongwe kuliko spika yenyewe. Ndiyo inayobeba sauti ya tarumbeta za Kanisa la Moraviani, lililoanza kazi Rungwe mwaka 1891. Hata gramafoni zilizopiga santuri za mwimbaji Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hazikuhitaji betri: springi ilizungusha sahani, sindano ikatikisa utando, pembe ikamaliza kazi. Mwaka 1915, huko California, Peter Jensen na Edwin Pridham waliunganisha pembe ya gramafoni na utando unaoendeshwa kwa umeme, wakapaza sauti kwa umati wa San Francisco. Miaka 10 baadaye, Chester Rice na Edward Kellogg walileta spika ya koni isiyo na pembe, na honi ikaanza kutoka majumbani. Ikabaki uwanjani.

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, uwanja huo ulikuwa mpana. Redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, vijiji vingi vya Mbeya na Iringa havikuwa na umeme. Kwa amplifaya ndogo na betri ya gari ya volti 12, honi ya chuma ilitosha kwa adhana, mkutano wa injili au gari la matangazo. Maneno husikika vizuri kuanzia mitetemo 300 kwa sekunde, na hapo mdomo wa sentimita 36 unatosha. Besi ya muziki haipiti humo.

Honi ya besi hujengwa kwa mbao, na mbao ndiyo mali ya Mufindi, kwenye msitu wa paini wa Sao Hill. Kufikia mitetemo 100, mdomo unatakiwa uwe na kipenyo cha mita 1 na zaidi, na eneo la pembe liongezeke maradufu kila sentimita 19. Ujanja wa kupunguza ukubwa ni kuiweka kwenye kona, kama alivyofanya Paul Klipsch wa Marekani miaka ya 1940: sakafu na kuta mbili huwa sehemu ya pembe, na eneo la mdomo hubaki moja ya nane, yaani mraba wenye upande wa sentimita 34 hivi. Koo lenye eneo la sentimita 100 za mraba huufikia mdomo huo kwa sentimita 67 hivi tu, na pembe inaweza kukunjwa ndani ya boksi.

Viungo hupakwa gundi ili hewa isivuje, na mbao nyembamba hutiwa mihimili, kwani ubao unaotikisika hula sauti. Fedha inayookolewa kwenye amplifaya hulipwa kwa mbao, nafasi na siku za seremala.