Bustani Zetu na Kiangazi Kilichokataa Kuja

Habari za hisa na mgawo zimeelezwa na mweka hazina. Sisi tutaeleza habari ya bustani, maana fedha nyingi za sanduku letu zimetoka kwenye mboga.

Zamani hapa Bulwa mboga ilikuwa ya kula. Mchicha na mnavu mtu alichuma nyuma ya nyumba, nani angenunua? Fedha ilikuwa kwenye iliki, na iliki ilikuwa ya baba. Lakini iliki inataka kivuli cha miti mikubwa, na baada ya miaka udongo wake unachoka. Mwaka 1997 ilipotangazwa Hifadhi ya Asilia ya Amani, mambo ya kufungua msitu mpya yakaisha. Ndipo akina mama tukateremka mabondeni kukodi vipande vidogo, tukapanda kabichi, nyanya na karoti, na pembeni migomba na mipapai.

Milima hii kwa mwaka inapata mvua karibu milimita 2,000. Kwa hiyo kazi yetu kubwa si kumwagilia, ni kuyatoa maji. Tuta linainuliwa, mfereji unakatwa ukiinama kidogo tu, kwani ukishuka wima unaondoka na udongo wote.

Neno hilo tuta lina historia huku Usambara. Kule Mlalo, mwaka 1946, serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kulazimisha watu kuchimba matuta milimani ili kuzuia mmomonyoko. Jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake, amri ilikuwa ya wengine. Watu walikataa kwa nguvu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Sisi tunaona tuta lenyewe halikuwa na kosa. Lakini mtu akichimba kwa hofu ya faini, hawezi kulipenda.

Sasa tuje kwenye mwaka wetu mgumu. Oktoba 2019 mvua za vuli zilianza kwa kishindo. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa mashariki, na mawingu yakaja huku. Kule chini maji yalikata barabara ya Korogwe kwenda Handeni, watu wakafa. Tukasema Januari jua litatoka. Jamani, Januari 2020 mvua, Februari mvua!

Mipapai ndiyo iliyotangulia kufa, kwa sababu mpapai haukai na maji miguuni. Nyanya zikashikwa na bakajani: leo doa kwenye jani, baada ya siku chache shina zima limeungua. Ukipiga dawa asubuhi, mchana mvua imeiosha. Kabichi zilioza moyo. Yaliyostawi ni magimbi, na mnavu kwenye matuta yaliyoinuliwa sana, na sukuma wiki kiasi.

Na mikopo ilikuwa imeingia kwenye nyanya. Zaidi ya nusu yetu tulidaiwa. Katiba ilisema asiyerejesha kwa wakati achukuliwe mali, na wapo waliotaka mbuzi na masufuria yakusanywe wiki ileile. Mkutano ulianza saa nane, tukatoka giza limeingia. Mama mmoja mzee aliuliza, je, huyo utakayemchukulia jembe atakulipa kwa kutumia nini? Tukapiga kura. Tukasogeza marejesho kwa miezi sita bila faini, na mfuko wa jamii ukanunua mbegu za mnavu na sukuma, kila mdaiwa apate.

Haikuwa rahisi. Wanachama wawili walijitoa, wakisema fedha yao inachezewa, na haki yao walipewa yote. Mgawo wa mwaka ule ulikuwa mdogo hata watoto nyumbani waliuliza sanduku limeibiwa au vipi.

Tangu hapo hakuna anayekopeshwa kwa zao moja. Mkopo wa nyanya unaambatana na tuta la mnavu au magimbi, na kamati inakwenda bondeni kuangalia mfereji kabla ya kutoa fedha. Wengine wananung'unika kwamba tunakagua kama wale wa Mlalo. Tofauti ni kwamba hii tumeipigia kura wenyewe, na tukitaka tutaifuta.

Deni la mwisho la msimu ule liliingia sandukuni Novemba 2020, sarafu kwa sarafu, fedha ya magimbi.